Taa ya Kumtosha Kamanda

4 Februari

Mpwa wangu Spoku,

Hujambo wewe, na hajambo huyo mke wako aliyekubali kuolewa na mtu mwembamba kuliko waya wa gurudumu? Mimi ni mzima. Cherehani inazunguka, mvua imepungua, na juzi baba yako alinipigia kunieleza habari za goti lake. Aliongea juu ya goti hilo hadi na langu likaanza kuuma. Ndivyo kaka yangu alivyo, akipata ugonjwa anautunza kama mgeni.

Amenidokeza pia jambo ambalo wewe ndiye ulipaswa kuniambia. Mimba ya miezi mitatu! Mlikuwa mnanificha nini, mlidhani nitaiiba? Nimefurahi mpaka nikamshonea mteja mfuko wa shati juu chini. Ikabidi nifumue.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu ni ya hujambo sijambo. Jambo la maana nataka niliandike, wewe ulisome, kisha ulisome tena kabla hujanijibu ovyo.

Jambo lenyewe ni taa. Nataka taa ya baiskeli, na iwe kali. Unalijua kundi letu: mimi, Mwalimu wa hesabu, na yule bwana mpaka rangi wa nyumba. Tukishatoka kazini tunaingia msituni kwa vile vijia vya nyuma ya kiwanda cha mbao, na tukifika kwenye miti giza limeshaingia. Ndipo raha inapoanza. Utaratibu wetu ni mmoja. Aliye mbele anaita kilichopo njiani, "Mzizi!", "Jiwe!", "Tope!", na wa nyuma anampokezea aliye nyuma yake. Njia ikiwa safi unaita "Shwari!", na hapo kila mtu anaachia breki bila kuuliza. Tangu tulipoanza, wa mbele ni mimi. Ndiyo maana wananiita Kamanda.

Sasa taa yangu imechoka. Naona njia kana kwamba naitazama kupitia chandarua. Wewe kutwa umekaa kwenye duka la baiskeli, basi huko kufunga skrubu kwako kunisaidie na mimi.

Shangazi yako.


19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika, nasi tuko salama. Samahani kwa habari ya mimba. Mke wangu alitaka tusubiri kidogo, na kumwambia Baba ndiko kulikoharibu kusubiri kwenyewe. Anakusalimu sana. Siku hizi hataki kusikia harufu ya vitunguu, kwa hiyo mpishi ni mimi, na ndiyo maana tumekonda wote wawili.

Ila Shangazi, mwandiko wako umenenepa! Barua moja imekula karatasi tatu. Nilidhani na humo ndani kuna mimba.

Habari ya taa nimeishughulikia kama mtihani. Wateja wengi wakiingia hapa wanasoma namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi, halafu wanaondoka na yenye namba kubwa zaidi. Ni kosa. Taa ya barabarani inamulika mbali na kwa wembamba, kama mtu anayenyoosha kidole. Msituni unataka mwanga unaomwagika pembeni, uone kona kabla hujaiingia. Unataka kifungio kisicholegea ukirushwarushwa, na betri itakayokurudisha nyumbani hata mkichelewa. Hii niliyoweka ndani ya kifurushi ina yote hayo. Ifunge katikati ya usukani, uiinamishe kidogo. Nimeijaribu mwenyewe kwenye njia za huku. Inatosha, Shangazi. Wapo wanaoshindana mbio nayo.

Na sisi tuna ombi. Mama bado amehifadhi kile kishati cheupe ulichonishonea nilipozaliwa, chenye pindo la uzi mwembamba. Mke wangu akikishika anatabasamu peke yake. Anaomba nguo ya kwanza ya mtoto iwe kama ile, na itoke mkononi mwako.

Mpwa wako,
Spoku


16 Machi

Spoku,

Salamu kwako na kwa mgonjwa wa vitunguu. Mwambie nami niliambiwa kwamba mama yako, ulipokuwa tumboni, alikuwa hawezi hata kumwangalia baba yako. Hayo yalipita. Mimi sijambo. Kishati nimesikia, nitashona. Kitambaa cheupe kipo, ni kazi za wateja tu zimenibana.

Kuhusu mwandiko wangu, naandika makubwa kwa sababu nakuandikia wewe ambaye darasani ulikuwa unasoma kwa kubahatisha.

Taa imefika. Ni nzuri kuitazama, lakini njia haionyeshi. Mwanga unatoka, nauona ukitoka, ila haufiki chini. Unabaki hewani kama vumbi la unga pale mashine ya kusaga inapozunguka. Na yule Mpaka Rangi akigeuka kunisemesha na taa yake ya kichwani, naona mwanga umeota nywele pande zote, mpaka nafumba macho. Sijui naye aliuziwa wapi takataka ile.

Wiki iliyopita nilipita juu ya mzizi bila kuuita. Mwalimu alirushwa nyuma yangu, akacheka hadi tukasimama. Mimi sikucheka sana. Mtu wa mbele hapiti mzizi akanyamaza.

Nitumie kali zaidi. Usinipe ya kutosha, nipe ya kuzidi.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Huku tuko vizuri. Mtoto ameanza kupiga mateke, tena hasa mimi nikiongea. Mama anasema ni dalili ya akili. Baba amenunua fimbo ya kutembelea, akaipaka vanishi mwenyewe, na sasa anatembea nayo hata siku goti likiwa zima ili majirani waione.

Nimekutumia taa mbili zinazofanya kazi pamoja. Ile kubwa ni ya usukani, mwanga wake ni mpana. Ndogo ni ya kwenye helmeti, ni nyembamba, nayo inafuata unakoangalia. Mkubwa wangu wa duka alinitania kwamba shangazi yangu anataka kuchoma msitu. Rangi ya mwanga nimechagua iliyoelekea manjano kidogo, kwa sababu ulisema unabaki hewani, na mwanga mweupe sana kwenye ukungu humrudia mwendeshaji usoni.

Lakini nikuulize, kuna ukungu huko siku hizi? Baba anasema ni ukame mtupu.

Swali jingine dogo. Ile miwani yako ya kushonea ulipimiwa lini?

Mpwa wako,
Spoku


5 Mei

Spoku,

Natumaini nyumbani kwako ni kwema. Kwangu si kwema, na leo sina utani.

Alhamisi tulitoka kama kawaida. Taa zako mbili zilikuwa zinawaka kama maonyesho. Baada ya daraja la mbao kuna mteremko mrefu tunaoupenda kuliko sehemu zote. Niliutazama, nikaona njia imetandikwa nyeupe mpaka chini, haina kitu. Nikaita "Shwari!" Niliita kwa sauti, Spoku, kwa furaha. Mwalimu akaachia breki kama ilivyo desturi yetu.

Kulikuwa na gogo limelala nusu njia. Mimi nilipita pembeni yake kwa bahati tu, wala sikujua nimepita pembeni ya kitu. Yeye alilivaa zima zima. Nilisikia baiskeli kwanza, halafu nikamsikia yeye. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, mkono anaoandikia ubaoni. Tulimtoa msituni kwa miguu, Mpaka Rangi akisukuma baiskeli zote, na njia nzima Mwalimu alikuwa ananiambia "pole, Kamanda." Mimi ndiye nilikuwa napewa pole.

Taa hiyo ni mbovu. Nimeirudisha ndani ya boksi lake, ile kubwa, uwaonyeshe waliokuuzia. Mwambie mkubwa wako acheke na hilo. Mtu ananunua mwanga apewe kivuli! Nataka taa kali kuliko zote mlizo nazo, ya mwisho kabisa, au uniambie wazi kwamba duka lenu ni la vinyago.

Sijaingia msituni tangu siku hiyo.

Shangazi yako.


20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Najua nimekawia, na najua umenisema huko. Mke wangu hajambo, tumbo limekuwa kubwa kuliko mlango wa jikoni. Mama na Baba wazima. Mwalimu anaendeleaje? Nimemfikiria sana kuliko anavyoweza kudhani mtu ambaye hajawahi kuniona.

Mara kadhaa nimeshika kalamu nikazunguka mbuyu mpaka karatasi ikaisha. Leo nitasema.

Boksi lilipofika nilikasirikia kiwanda. Nilijua nitawapa vidonge vyao. Ila kabla ya kulalamika lazima taa ipimwe, kwa hiyo niliingia nayo stoo, ambako hakuna dirisha, nikafunga mlango. Nilihitaji kitu chenye maandishi cha kumulika, na karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu ni barua yako. Nikaibandika ukuta wa mwisho, nikarudi hadi mlangoni, nikawasha.

Shangazi, niliisoma barua yako yote nikiwa mlangoni. Niliona mistari inavyopanda na kushuka nje ya mistari ya karatasi. Niliona hata pale mwishoni ulipoandika "naogopa", kisha ukalifuta kwa kalamu mara mbili.

Nilikaa juu ya boksi la matairi, taa ikiwa inawaka mkononi. Taa ni nzima. Ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Hazina kosa lolote.

Sikutumii nyingine. Dukani ipo moja kali zaidi, nimeishika, nikairudisha kwenye rafu, kwa sababu nikikutumia hiyo nitakuwa nakusaidia kujidanganya, na siku moja atakayelivaa gogo ni wewe. Ukungu hauko msituni. Uko machoni mwako, nami nadhani ulijua kabla yangu. Nenda ukapimwe. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi. Nakupenda, na sitaki Mpaka Rangi anipigie simu kuhusu wewe.

Mpwa wako,
Spoku


3 Julai

Barua yako nimeipata.

Mtu niliyemfundisha kuendesha baiskeli, nikakimbia nyuma yake nimeshika kiti mpaka viatu vikaisha soli, leo ananipima macho akiwa stoo. Hongera, daktari.

Macho yangu ni yangu. Habari za taa mimi na wewe tumezimaliza.

Msalimie mkeo. Si wewe.


14 Agosti

Mpwa wangu Spoku,

Habari za huko? Najua siku zimekaribia na pengine barua hii itamkuta mtoto ameshafika. Kama amefika, mwambie shangazi-bibi yake alikuwa amenuna na sasa kununa kumeisha.

Ndani ya kifurushi kuna kishati. Kitazame pindo lake kabla hujaendelea kusoma.

Umeona? Linakwenda kama mtu aliyelewa. Nimelishona, nikalifumua, nikalishona tena, na hilo ndilo bora kati ya yote. Uzi wa pindo nilidhani ni mweupe, kumbe ni wa manjano hafifu, nimekuja kuambiwa. Kazi za wateja hazikunibana, Spoku. Wateja wenyewe wamepungua, kwa sababu nimewarudishia watu nguo zenye mikono miwili isiyolingana. Ulisema kweli, nilijua kabla yako. Nilijua hata nilipoandika ile barua ya kwanza. Nilitumaini tu kwamba ipo taa mahali fulani duniani ambayo itanifanya nisijue.

Baada ya barua yako niliwaambia wenzangu nina kazi nyingi. Mpaka Rangi aliamini. Mwalimu alikuja kwenye kibanda changu cha kushonea, plasta imeshatoka, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Nilikuwa napigana na sindano. Aliichukua mkononi mwangu bila kuuliza, akapenyeza uzi, akanirudishia.

"Kamanda, mimi niliona zamani," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ungekubali?"

Akaniambia nirudi msituni, atakaa mbele yeye, ataita yeye, mimi nimfuate. Nikamwambia sauti yake ni ya darasani, haitoboi miti. "Basi utafuata taa yangu," akasema, "nitaifunga nyuma ya kiti." Mtu niliyemvunja mkono, Spoku, ndiye anakuja kunibembeleza nipande baiskeli. Alipoondoka nililia, nami si mtu wa kulia ovyo, unanijua.

Kwa hiyo nina ombi jipya. Usinitafutie tena taa ya kumulika mbele. Nitafutie taa nyekundu ya nyuma, ya kufunga kwenye baiskeli ya Mwalimu. Nitakwenda polepole, kwenye njia pana tu, lakini nitakwenda.

Kuhusu kupimwa, nimepimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Wanataka kunipasua. Hapo nimesema hapana, na usinibishie mpaka umalize kusoma. Bibi yako, mama yetu, alipoanza kuumwa macho alikuwa bado anaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Baba yako akampeleka hospitali ya mbali. Alirudi amefungwa bendeji, na bendeji ilipotoka hakuona tena hata mlango wenyewe. Mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka alipotuacha. Alikuwa ananiuliza kama kumekucha wakati jua liko utosini. Kisu kilichukua kidogo alichokuwa nacho. Mimi changu sikitoi. Bora niwaone nyinyi kwenye ukungu kuliko nisiwaone.

Shangazi yako anayekupenda, hata siku ile alipokunyima salamu.


29 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Ni msichana! Ana vidole virefu, ana hasira, na alipotolewa nje ya hospitali alifumba macho akampigia jua kelele. Mama yake ni mzima, amechoka, ameanza kula vitunguu. Kishati chako ndicho alichovaa siku ya kwanza kuja nyumbani. Mama alitaka kunyoosha lile pindo, mke wangu akakificha kishati chini ya mto. Amekataa kabisa kisiguswe.

Niliisoma barua yako kwa Baba kwenye simu, yote, hadi kwenye habari za Bibi. Kabla sijamaliza akanikatiza.

"Nani alimpasua?" akauliza.

"Shangazi anasema walimpasua."

"Hakupasuliwa. Nani kasema alipasuliwa?"

Kisha akanieleza, taratibu, bila kutaja goti hata mara moja. Bibi hakuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa na presha ya macho, na madaktari walisema amecheleweshwa mno, hakuna cha kupasua wala cha kuokoa. Jicho moja lilikuwa limevimba kwa sababu alikuwa analisugua, wakalitia dawa, wakamfunga bendeji asilisugue tena. Yale macho yalikuwa yameshazimika njiani, kabla ya bendeji. Baba alimrudisha nyumbani, akamkabidhi kwako, kesho yake akarudi kazini mbali. "Nilidhani dada anajua," akaniambia. "Nilidhani Mama alimwambia." Bibi naye pengine alidhani Baba amekwambia. Nyote mliogopa kumwumiza mwenzenu kwa kuuliza, na miaka yote hiyo wewe umekuwa ukiogopa kisu ambacho hakikuwapo.

Usiniamini mimi, mimi ni fundi skrubu. Mwulize daktari wako tofauti ya ugonjwa wa Bibi na huu wako. Mwambie akupime na presha ya macho pia, kwa kuwa ipo katika familia. Halafu uamue mwenyewe. Ukisema hapana baada ya hapo, sitakubishia tena.

Mimi siwezi kumwacha huyu mwenye hasira kwa sasa. Baba anakuja. Amesema goti au bila goti, safari hii hatakukabidhi kwa mtu mlangoni na kuondoka.

Taa nyekundu hii hapa. Ni dhaifu kuliko zote dukani. Nimeichagua hivyo kwa makusudi, isikuumize macho ukiwa unaifuata.

Mpwa wako, na sasa baba wa mtu,
Spoku


25 Oktoba

Mpwa wangu Spoku, mama mtoto, na wewe binti mwenye hasira,

Salamu zenu nyote. Baba yako ameshafika kwake salama, na nyumba yangu imekuwa kimya sana. Alikaa nami siku zote zile. Kwenye benchi la wagonjwa wa macho aliwasimulia watu habari za goti mpaka wakawa wanaomba waitwe ndani haraka. Nilipoitwa mimi alinyamaza. Alinishika mkono hadi mlangoni, muuguzi akamwambia mwisho ni hapo, na yeye akasema sawa lakini hakuniachia. Ikabidi mimi nimwachie.

Nilimwuliza daktari yote uliyosema. Presha yangu iko sawa. Wamefanya jicho moja, la kulia. Sikusikia maumivu ya kusimulia, ila niliogopa, na safari hii neno hilo silifuti.

Walipoondoa kifuniko cha jicho, mtu wa kwanza kumwona ni kaka yangu amekaa kwenye kiti, fimbo mapajani. Nikamwambia, "Mbona umezeeka hivyo?" Akaanza kulia, mzee mzima. Tukalia wote wawili. Nadhani tulikuwa tunamlilia Mama, kwa kuchelewa sana.

Nyumbani nilikuta mambo. Kuta ambazo nilijua ni za manjano ni nyeupe. Kuna buibui alikuwa amejenga mtaa mzima juu ya cherehani yangu. Sindano napenyeza mwenyewe. Kwenye kifurushi hiki kuna kishati kingine, pindo limenyooka, mkikague mtakavyo. Kile kibovu msikitupe.

Baiskeli nilikatazwa kwa wiki kadhaa, nami nilitii, usicheke. Alhamisi daktari aliniruhusu, akasema polepole na njia nyepesi. Nikatoa taa zako zote nikazipanga mezani. Ile kubwa uliyonirudishia kwa mkono wa baba yako, nilipoiwasha, iliniumiza. Nikachukua ile ya kwanza kabisa, uliyoniambia inatosha, niliyoitukana. Nikaifunga katikati ya usukani, nikaiinamisha kidogo kama ulivyosema.

Inatosha, Spoku. Naona majani moja moja. Inatosha tangu siku ile.

Tuliingia msituni Mwalimu akiwa mbele, ile taa yako dhaifu inawaka nyekundu nyuma ya kiti chake, mimi namfuata, Mpaka Rangi nyuma yetu. Aliita kila kitu, hata vitu visivyostahili kuitwa, kama mwalimu anayesoma mahudhurio. Tulipovuka daraja la mbao akasimama. Akashuka, akaifungua taa nyekundu, akaja kuifunga kwenye baiskeli yangu kwa mkono ule ule uliovunjika. Nikamwambia jicho bado ni moja. Akasema, "Basi nenda kwa moja."

Nikapita mbele. Nikaita mzizi. Nikaita jiwe. Tukafika juu ya ule mteremko, na nikafunga breki nikasimama, nao wakasimama nyuma yangu wakingoja. Nilimulika mpaka chini. Gogo limeondolewa, kuna alama tu kwenye udongo lilipokuwa. Nikaitazama njia yote tangu juu hadi chini, kisha nikaitazama upya polepole, pembeni na katikati.

Ndipo nikaita, "Shwari!" Nikasikia breki zao zinaachiwa.

Shangazi yako,
Kamanda